Unga Ameacha, Sigara Imebaki

Kila siku ya wageni mama alikuwa akifunga mfuko uleule: sabuni ya kipande, dawa ya meno, sukari kilo moja, majani ya chai, na chini kabisa pakiti mbili za sigara, zimezungushiwa kipande cha kanga zisilowe botini. Kaka yangu alikuwa soba, nyumba ya kuwasaidia waraibu wapone, Unguja, mwezi wa nne bila unga, yaani heroini. Mama huyu hakuwahi kuvumilia harufu ya sigara sebuleni kwake. Nilipomuuliza imekuwaje leo anazinunua kwa hela yake, alinijibu bila kuinua uso kwenye mfuko: "Sigara haijauza friji yangu."

Sikuwa na la kusema. Friji ilikuwa imeuzwa kweli, na mtungi wa gesi, na simu yangu.

Jibu lile lina hesabu ndani yake, na karibu kila familia iliyopitishwa na unga imeipiga hesabu hiyo. Unga unaiba, unaua ghafla, unaleta polisi mlangoni usiku. Sigara inakaa pembeni, inakohoa kidogo, inaomba sarafu tu. Ukiwekewa viwili hivyo uchague, nani asingechagua sigara? Lakini sisi hatukuwekewa tuchague. Vyote viwili vilikuwa tayari ndani ya mwili wa mtu mmoja. Kimoja tulikifukuza kwa machozi na mikopo, kingine tukakikaribisha na kukibebea mfukoni.

Imenichukua miaka kuelewa kwamba kile tulichokibeba hakikuwa kidogo. Naandika kwa ajili ya wanaobeba mfuko kama ule, na kwa ajili ya wanaoupokea.

Kwanza, ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2016 watafiti walijumlisha tafiti 54 kutoka nchi 20 nje ya Marekani, zilizohesabu wavutaji miongoni mwa watu waliokuwa kwenye matibabu ya uraibu. Wastani ulikuwa asilimia 84. Katika watu wa kawaida wa nchi hizohizo, wa umri na jinsia zinazofanana, ilikuwa asilimia 31. Kwa maneno mengine, mahali ambapo watu wanakwenda kujifunza kuacha, kuvuta ndiyo kawaida na asiyevuta ndiye mgeni.

Anayetaka kuiona asilimia hiyo kwa macho asimame asubuhi nje ya kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini. Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwezi Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Kidongo Chekundu kule Unguja na mikoa mingine. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, ikaingia pwani mwaka uliofuata. Utaratibu unafanana popote: unaitwa jina, unakunywa dozi mbele ya muuguzi, unasema neno moja au mawili aone umemeza, unatoka. Hatua chache nje ya geti, kiberiti kinawashwa. Wenyewe wanasema sigara inayofuata dozi ndiyo tamu kuliko zote za siku. Si maneno ya kijiweni tu. Majaribio ya maabara tangu miaka ya 1980 yalionyesha kwamba baada ya methadoni mvutaji huvuta zaidi, maana dawa hizi mbili zinapokutana kila moja huinogesha nyenzake.

Kwa nini sigara ndiyo inayobaki

Watu wengi hudhani sigara hubaki kwa sababu ni nyepesi. Ukiitazama inavyofanya kazi utaona hubaki kwa sababu ya mizizi.

Mvutaji wa kawaida wa sigara kumi na tano kwa siku huvuta pumzi kama kumi kwa kila sigara. Hizo ni pumzi mia moja na hamsini, na kila pumzi inapeleka nikotini ubongoni kwa muda wa sekunde 10 hadi 20. Ubongo una sehemu ambayo kazi yake ni kutia alama kwenye jambo na kusema hili lirudiwe. Alama hiyo hutiwa kwa kemikali iitwayo dopamini. Mtu wa unga hupata alama hiyo mara tatu au nne kwa siku. Mvutaji huipata mara mia na hamsini, akiwa kitandani, chooni, kituo cha daladala, baada ya kula, baada ya kugombana, wakati wa kusubiri mtu. Hakuna somo ambalo ubongo wa binadamu unafundishwa mara nyingi kiasi hicho. Na somo lenyewe mara nyingi lilianza utotoni, kabla ya bangi na kabla ya unga. Kwa wengi sigara ilikuwa ya kwanza kuingia, na sasa ndiyo ya mwisho kutoka.

Halafu kuna jambo la mikono. Kabla sindano haijaenea Dar na Unguja, unga wa kahawia ulikuwa ukivutwa ndani ya msokoto wa bangi au tumbaku, na waliopitia huko wanaujua kwa jina la kokteli. Kwa mtu wa kokteli, sigara ni nusu ya kifaa. Vidole vilevile, moto uleule, pumzi ileile inayoshikiliwa kifuani kabla ya kuachiwa. Hata kugawana ni kulekule: kipisi kinachozunguka watu watatu ukutani mwa soba kinazunguka kama msokoto ulivyozunguka maskani. Unamwondoa mtu kijiweni, unampa godoro safi na ratiba ya mikutano, na karibu kila saa unamrudishia ishara ya kijiweni mkononi.

Wavutaji wenyewe wana utetezi mmoja ambao ni wa kweli kwao, nami siudharau. Wanasema inatuliza. "Nikiwa na hasira nikavuta, napoa." Ni kweli anapoa. Lakini tazama kinachopoa ni kitu gani. Nikotini hupungua nusu mwilini kwa kama saa mbili hivi, na inapopungua huleta arosto yake ndogo: kukereka, kutotulia, kichwa kutokaa mahali pamoja. Sigara inayofuata inalipa deni lililoachwa na sigara iliyotangulia, na mtu anahesabu malipo hayo kuwa ni utulivu. Majumuisho ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yaliwalinganisha walioacha kuvuta na walioendelea. Walioacha walipungukiwa wasiwasi na sonona, hata wale waliokuwa na maradhi ya akili tangu mwanzo.

Naona hapa ndipo penye kiini chenyewe. Kazi ya kupona uraibu, ukiiondolea majina yote, ni kujifunza kukaa na dhiki bila kuitafutia dawa ya dakika moja. Hasira inakuja, unakaa nayo, inapita. Aibu inakuja, unampigia mtu simu. Sigara inafundisha kinyume chake mara kumi na tano kwa siku: kila usumbufu una jibu, jibu liko mfukoni, na linawashwa kwa kiberiti. Mtu anaweza kukaa soba miezi sita, akamaliza hatua zote kumi na mbili za kupona kwa mdomo, na lile somo la zamani lisiwe limeguswa hata siku moja.

Ushauri wa "moja kwanza"

Basi kwa nini hakuna aliyemwambia kaka yangu aache? Kwa sababu aliambiwa asiache. Mshauri wake, mtu mwema aliyekuwa na miaka mingi bila unga na pakiti mfukoni, alimwambia: "Usijibebeshe mizigo miwili. Acha kubwa kwanza, ndogo itakuja." Ushauri huu umezunguka dunia nzima, na una historia yake.

Vuguvugu la walevi kusaidiana kuacha pombe, Alcoholics Anonymous, lenye zile hatua kumi na mbili zinazofuatwa na soba nyingi, lilianzia Akron, Ohio, mwaka 1935, kwa Bill Wilson na daktari Bob Smith. Mikutano yao tangu mwanzo ilikuwa ya kahawa na moshi. Wakati ule hakuna aliyeona ajabu, hata madaktari walivuta wodini. Wilson aliacha pombe Desemba 1934 na hakuirudia tena. Miaka 36 bila tone. Lakini alikuwa mvutaji mkubwa, mapafu yakaharibika kwa emfisema, ikafika mahali anategemea oksijeni. Alifariki Januari 24, 1971, Miami alikopelekwa kutibiwa. Pombe iliyomtesa ujana wake haikumuua. Nikiisoma habari ile sioni unafiki wala udhaifu wa mtu. Naona mtu aliyewaokoa maelfu kwa kuwafundisha kwamba hawako peke yao, halafu katika kitu kimoja hakuna aliyekaa naye chini.

Wala hakuwa peke yake katika hilo. Mwaka 1996 madaktari wa Rochester, Minnesota, walichapisha ufuatiliaji wa wagonjwa 845 waliolazwa kutibiwa uraibu wa pombe na dawa nyingine kati ya 1972 na 1983. Katika vifo 214 ambavyo sababu yake ilijulikana, karibu asilimia 51 vilihusiana na tumbaku. Vilivyohusiana na pombe vilikuwa asilimia 34. Hawa walitibiwa. Waliuvuka mto walioogopa utawazamisha, na tumbaku ikawakuta ng'ambo.

Je, ule woga wenyewe, kwamba ukiacha viwili pamoja utavipoteza vyote, una ukweli? Hapa inabidi kwenda taratibu, maana majibu hayakuja yote upande mmoja. Mwaka 2004 majumuisho ya majaribio 19 yalionyesha kwamba waliosaidiwa kuacha sigara wakiwa ndani ya matibabu ya uraibu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 25, wa kubaki bila pombe na dawa kwa muda mrefu. Mwaka huohuo jaribio moja kubwa la Minnesota, la watu 499 waliokuwa wakitibiwa pombe, lilisema vingine: waliosukumwa kuacha sigara papo hapo walifanya vibaya kidogo upande wa pombe kuliko walioanza miezi sita baadaye. Miaka kumi na miwili mbele, majumuisho mapya yenye majaribio 34 na watu zaidi ya 5,000 yakaweka uzito hivi: kusaidiwa kuacha tumbaku kunawaachisha watu tumbaku, na hakuna ushahidi kwamba kunawarudisha kwenye pombe au dawa.

Mimi nayasoma hivi. Kwa mtu wa unga, hofu haina msingi. Kwa mtu wa pombe anayetetemeka wiki ya kwanza, kumsubiri kidogo si dhambi. Lakini kusubiri wiki sita ni jambo moja, na kusubiri miaka kumi na mbili ni jingine. Ushauri wa "moja kwanza" haukuwa na tarehe ya zamu ya pili, na hilo ndilo kosa lake. Kaka yangu aliambiwa ndogo itakuja, na hakuna aliyemwambia lini.

Na kuna sababu isiyosemwa sana: wanaotoa ushauri huu wengi wao wanavuta. Mshauri wa soba ni mtu aliyepona, na hiyo ndiyo nguvu yake. Amelala palepale alipolala mgonjwa, huwezi kumdanganya. Lakini mtu anayevuta hawezi kumwambia mwenzake acha bila sauti kumtetemeka. New Jersey, Marekani, ilikuwa jimbo la kwanza kuzitaka nyumba zake za matibabu ziwe bila tumbaku, mwaka 2001, na New York ikafuata kwa kliniki zake zote mwaka 2008. Kote huko kazi ngumu ilikuwa kuwaachisha wafanyakazi.

Mabaki hayalingani

Sigara nimeitanguliza kwa sababu ndiyo inayovumiliwa zaidi. Lakini sitaki msomaji atoke hapa akidhani kila kinachobaki kina uzito sawa, maana kosa hilo nalo linaua.

Kama nyumbani kwako kuna mtu anayekunywa methadoni, kitu cha kuogopa usiku wa leo ni pombe na vidonge vya usingizi, diazepamu na jamii yake. Methadoni, pombe na vidonge hivyo vyote vinapunguza kasi ya kupumua. Vikikutana, mtu anaweza kulala akikoroma kwa sauti nzito isiyo ya kawaida na asiamke. Wengi wanaongeza vidonge kwa kuwa dozi haijawatosha na wanaona aibu kumwambia muuguzi. Hili halingoji mkutano wa Jumatano. Mtu aende kliniki, aseme, dozi itazamwe.

Na methadoni yenyewe haimo katika mabaki. Naliandika hili wazi kwa sababu nimesikia watu wa soba wakiwaambia watu wa kliniki kwamba hawajaacha kitu, wamebadilisha tu. Ni dawa, inanywewa mara moja kwa siku kwa kipimo, haimpi mtu mzuka dozi ikiwa sawa, na imewarudisha wengi kwenye kazi na watoto wao. Kumfananisha anayeinywa na anayevuta unga ni kumsukuma aiache, na anayeiacha ghafla yuko karibu na kaburi kuliko alivyokuwa akiinywa.

Mirungi ni habari ya mpaka. Jani moja ukilishika Mombasa ni biashara, ukivuka nalo kuingia Tanga ni kesi. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, jani dogo la jamii hiyohiyo, wakulima wa Embu wakaenda mahakamani na marufuku ikasimamishwa. Kwa anayepona, muguka una shida moja ya pekee: kwa wengi hauliwi bila sigara. Mtu anatafuna tangu alasiri mpaka usiku, usingizi umekatika, na kilichobaki cha kumlaza ni bangi au kidonge. Ni mnyororo, na kila pete inavuta inayofuata.

Kubeti kumeingia soba kimyakimya pamoja na simu. Hakuna harufu, hakuna macho mekundu, na mtu anaweza kuchoma mkeka wa mshahara mzima akiwa amekaa kwenye mkutano. Dopamini haijali kama kichocheo kimepita puani au kwenye kioo cha simu. Ninachokiogopa zaidi hapa ni yale yanayofuata hasara: deni, uongo mdogo wa kufunika deni, halafu ile hali ya kukwepa macho ya watu wa nyumbani, ambayo kila aliyewahi kuishi na teja anaijua hata kabla haijasemwa.

Sukari na chai? Waliotoka kwenye unga wanapenda tamu sana, na methadoni inakausha mdomo, kwa hiyo meno yanaoza. Wapige mswaki, waende kwa daktari wa meno. Mengine yaacheni, jamani. Mtu wa wiki ya tatu aliyemaliza nusu kilo ya sukari kwenye uji hana la kuadhibiwa.

Mwili unaotakiwa kuacha mara ya pili

Turudi kwenye moshi. Mapafu ya mtu aliyevuta unga si mapafu ya mvutaji wa kawaida. Moshi wa heroini unayachakaza mapema, na madaktari wa Liverpool wamekuwa wakikuta ugonjwa wa kuziba njia za hewa kwa wavuta heroini wa umri ambao kwa wengine bado ni wa kucheza mpira. Ongeza kifua kikuu, ambacho hupenda vijiwe vyenye watu waliobanana na chumba kisicho dirisha. Uvutaji unakaribia kuongeza hatari yake mara mbili. Na kwa walioambukizwa VVU kwa sindano, kuna utafiti wa Denmark wa mwaka 2013 ambao sijaweza kuusahau: miongoni mwa watu wenye VVU wanaopata matibabu mazuri, wavutaji walipoteza miaka 12.3 ya maisha kwa sababu ya sigara na miaka 5.1 kwa sababu ya virusi. Kliniki inahesabu vidonge vya ARV kimoja kimoja, halafu nje kwenye benchi hakuna anayehesabu sigara.

Hapa niingize jambo linalokosewa sana, ingawa si la sigara moja kwa moja. Anayekunywa methadoni akianzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, ini lake litaanza kuimaliza methadoni haraka, na arosto itamrudia ndani ya siku chache. Asijilaumu, asiongeze kidonge, asirudi maskani. Aseme, dozi ipandishwe.

Sasa, namna ya kuacha. Wanaopona wana mtaji ambao mvutaji wa kawaida hana: wanajua arosto ni nini, wanajua ina kilele na ina mwisho. Ya nikotini kilele chake ni siku mbili tatu za mwanzo, na kwa wengi imetulia ndani ya wiki mbili hadi nne. Haitapishi, haivunji mifupa, haina jasho la baridi. Inakera tu, inakera kweli, na inadanganya kwamba haitakwisha.

Pwani kuna ushahidi mwingine tunaoupita kila mwaka bila kuutazama. Mwezi wa Ramadhani, mvutaji wa sigara ishirini anakaa tangu alfajiri mpaka magharibi bila hata moja, karibu saa kumi na tatu au zaidi, siku baada ya siku. Saa kumi na mbili ni muda wa kutosha damu kujisafisha karboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi. Kila jioni, kabla ya tende, mwili wake ulikuwa umekwisha kuanza kupona. Kilichomwezesha hakikuwa dawa. Alikuwa na nia iliyotangazwa, watu wote wa mtaa wakifunga pamoja naye, na saa inayojulikana ya kumaliza. Soba inaweza kumpa mtu hivyo vyote vitatu bila kununua kitu.

Lakini nia peke yake kwa mvutaji mzito haitoshi, na kumwambia ajikaze wakati dawa zipo ni kumnyima haki. Shirika la Afya Duniani liliweka dawa za kufidia nikotini, yaani kiraka cha ngozi na chingamu ya nikotini, kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya kuachia sigara, vareniklini na bupropioni. Julai 2024 likatoa mwongozo wake wa kwanza wa kuwatibu watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku, na dawa hizi zimo. Kwenye maduka mengi ya dawa mitaani kwetu hazipatikani, na zikipatikana bei yake inamshinda anayenunua sigara mojamoja. Naona hili ndilo la kudai. Serikali zilizoweza kumpa mtu methadoni bure kila siku ya Mungu, jambo lililoonekana muhali mwaka 2010, haziwezi kushindwa na kiraka.

Mengine ni ya kujua mapema. Moshi wa tumbaku unalifanya ini liimalize kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, kahawa ileile inakaa mwilini karibu mara mbili. Mtu anakunywa vikombe vyake vitatu vya kahawa chungu barazani kama kawaida, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi hakuna, naye anasema ni arosto ya sigara na anawasha moja. Wiki ile apunguze kahawa kwa nusu. Kwa sababu hiyohiyo, anayemeza olanzapini au klozapini kwa maradhi ya akili lazima amwambie daktari kabla hajaacha, maana kiwango cha dawa kitapanda.

Kupunguza idadi bila mpango husaidia kidogo. Mtu hushuka kutoka kumi na tano hadi saba akazivuta saba hizo mpaka vidole viungue. Shisha si ngazi ya kushukia: kikao cha saa moja kina moshi mwingi kuliko sigara kadhaa, na Tanzania iliipiga marufuku 2016, Kenya 2017. Ugoro na kuberi havina moshi lakini vina nikotini, na kinywa ndicho kinacholipa.

Na kuna jambo la mfuko. Nilimwomba mama asiache kwenda na mfuko, abadilishe tu kilicho chini. Hakukubali siku ile. Aliogopa mtoto atafikiri ameadhibiwa, na alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu ukiondoa sigara kimyakimya inakuwa adhabu kweli. Ilibidi kaka mwenyewe aulizwe. Akasema anataka kujaribu, ila asihesabiwe.

Neno hilo, asihesabiwe, lilikuwa na maana yake. Soba watu wanahesabu siku. Siku thelathini, tisini, mwaka, na watu wanapiga makofi. Hesabu hiyo imewashika wengi wasianguke, lakini ikiingizwa kwenye sigara inaweza kumvunja mtu. Aliyevuta moja siku ya tano anajiona ameanguka, na akishajiona ameanguka, unga uko mtaa wa pili. Wengi wanaofanikiwa kuacha sigara hufanikiwa baada ya kujaribu mara kadhaa. Sigara moja katikati ya jaribio ni sigara moja. Haifuti tarehe ya unga, na hakuna mshauri mwenye haki ya kuifuta, wala kumtoa mtu nyumbani kwa ajili yake.

Kaka alijaribu mara ya kwanza akafika siku nne. Mara ya pili, kwenye msiba wa shangazi, hakufika popote. Mara ya tatu kliniki ilimpatia viraka vya wiki sita, na yule mshauri wake mwenye pakiti mfukoni akasema wataanza pamoja. Siku ya kumi na moja alivuta moja nyuma ya duka la jirani, akanipigia simu saa tatu usiku, sauti imembana. Akaniuliza kama sasa ameharibu. Nikamuuliza amebakiwa na viraka vingapi. Akaenda kuhesabu, nikamsikia akivuta droo. Akarudi kwenye simu akasema vipo thelathini na moja.